Masta ya kuongoza shantie: inatuhusu sisi wa mugodi?

Kila mwaka, wakati wa kujiandikisha ku iniversite, swali ni lile lile katika nyumba nyingi za wafanyakazi, Kolwezi, Likasi, Fungurume mpaka Kipushi. Mutoto amemaliza lisansi ya ujenzi, sasa anaomba miaka miwili ingine ya masta, tena anataka ile ya kuongoza kazi za ujenzi. Baba anauliza: "Mawe njo inatupa kula. Mambo ya matofali inatuhusu nini?" Sisi wa sendika tunasema inatuhusu, na pengine kuliko vile tunafikiri.

Kwanza tuelewane juu ya majina. Zamani tulikuwa na gradua ya miaka 3, kisha lisansi ya miaka 2. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 inchi yetu iliingia mu mpango wa LMD: lisansi ni miaka 3, krediti 180, masta ni miaka 2, krediti 120, nyuma yake doktora. Kwa hiyo lisansi ya mutoto wa leo si ile ya mujomba wake. Wakubwa wa kazi wanaijua hiyo vizuri wakati wanapanga mishahara. Sisi wazazi njo tunachelewa kuijua.

Masta hiyo haifundishe kuchanganya simenti. Inafundisha kuhesabu bei ya kazi mbele haijaanza, kupanga ni kazi gani inapashwa kumalizika mbele ingine ianze, kusoma mukataba mustari kwa mustari, kulinda watu wasianguke, na kutengeneza dekonti.

Tukae kidogo pale pa dekonti, kwa sababu pale njo mushahara wetu unapotelea. Fundi anatumika ku kompanyi ndogo ya sutretansi, ndani ya eneo la mugodi. Mwisho wa mwezi patron anasema: "Kliyani hajalipa." Mara nyingi ni kweli. Kompanyi inatumika mwezi muzima, inapima kazi pamoja na musimamizi wa kliyani, wote wawili wanatia sahihi, kisha dekonti inapelekwa ku biro. Biro inakagua, na feza inatoka nyuma ya majuma mingi. Tena hailipwe yote: sehemu moja inabakishwa kama garanti mpaka kazi ipokelewe. Lakini mushahara unangojewa kila mwezi! Mwenye kusoma kazi hii anachora hesabu hiyo yote mbele ya kutia sahihi, na anajua anahitaji feza ya mishahara ya miezi miwili ao mitatu mukononi. Asiyeijua anapokea avansi ya kuanzia, ananunua jipu, na mwezi wa pili watu wanafunga kazi. Tumesimama mbele ya maofisi mingi juu ya mambo ya namna hii. Wezi wako, tusidanganyane. Lakini mara nyingi tulikuta ni hesabu tu haikufanywa.

Kisha kuna sheria ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya sutretansi. Inasema kazi hiyo ni ya makompanyi yenye kapitali kubwa ya Wakongomani, na hakuna ruhusa ya kutoa mu sutretansi zaidi ya asilimia 40 ya bei ya soko moja. Ni sheria nzuri. Lakini mugodi unaomba dosie: planingi, mupango wa usalama, devi yenye kueleza kila kitu. Kompanyi isiyo na mutu wa kuandika dosie hiyo inafanya nini? Inakopesha jina lake kwa mwingine, inapokea komisio kidogo, inanyamaza. Ku karatasi Mukongomani njo ameshinda. Ku shantie munajua wenyewe ni nani anaamuru.

Jambo kubwa zaidi ni feza ya wote. Kodi ya migodi ya mwaka 2018 inalazimisha kila mugodi kutoa asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji vya jirani. Na mukataba wa Sicomines uliahidi dola miliari 3 za barabara na majengo. Mu Februari 2023 Inspeksio ya Feza ilisema ni dola milioni 822 hivi tu ndizo zilitumika. Mu Machi 2024 mukataba uligeuzwa, ahadi ikapanda mpaka dola miliari 7, na milioni 324 kila mwaka mpaka 2040, kama bei ya shaba haianguke. Shaba yetu inapita ku mizani, inapimwa kilo kwa kilo. Barabara inayokuja mu nafasi yake, nani anaipima? Mu komite ya kijiji, nani anajua kusoma devi ya shule mbele mvua ya kwanza haijapasua ukuta?

Hatusemi kila mutoto akimbilie masta. Miaka miwili ya kwanza ku shantie, na bote mu matope, inafaa kuliko kuunganisha masomo moja kwa moja. Mwenye hajaona koncasi ikichelewa siku tatu hataelewa planingi. Tena muulize mapema: shule ina agrema ya ministeri? Kuna staji? Walimu wamewahi kujenga kitu? INBTP, shule ya serkali ya ujenzi, iko Kinshasa, na nyumba ya kupanga kule inakula feza kuliko minervali. Kwa masta ya intaneti ya inchi za kigeni, muulize juu ya ekivalansi mbele ya kutuma dola hata moja.

Sisi mu mazungumuzo ya konvansio tunaomba vitu viwili: burse kwa watoto wa wafanyakazi na kwa wafanyakazi wenyewe wenye lisansi, na posti ya muchana kwa anayesoma wakati wa mitihani. Wakubwa watatuuliza ni watu wangapi. Basi mupatie delege wa posti yenu jina la mwenye kusoma, shule, na bei ya mwaka, mbele ya mwisho wa mwezi.