Kaunti yako ni gani? Acheni kijana wa Kibera ajibu kwa jezi

Hebu nikuulize swali ambalo umeulizwa mara mia: wewe ni wa kaunti gani? Na usijibu Nairobi, kwa sababu unajua kitakachofuata. "La, si hapo unapoishi. Kwenu-kwenu." Sema umezaliwa Kibera, umesomea Kibera, na meno yako ya utotoni uliyarusha juu ya mabati ya Kibera, na bado utaangaliwa kama mtu anayekwepa swali. Wanataka kijiji. Wanataka mto, soko na jina la chifu. Nawe huko umefika mara nne tu, na zote nne zilikuwa matanga.

Mimi swali hili nimelifikiria sana kupitia mpira wa Ireland. Usicheke. Tangu niache chuo nina muda wa kutazama vitu ambavyo hakuna msee mtaani anavitazama, na mwaka 2024 nilinaswa na mashindano yao ya kaunti, yale ya mpira wa Kigaeli. Ni watu 15 kila upande, na unaruhusiwa kudaka, kudundisha na kupiga teke. Goli lina nguzo ndefu kama za raga, na wavu chini. Mwaka huo ukipitisha mpira juu ya mtambaapanya ilikuwa pointi moja, ukiutia wavuni tatu. Kwa hivyo ukiona matokeo yameandikwa 1-11, jua ni bao moja na pointi kumi na moja, jumla 14.

Lakini kilichonifanya nikae kitako si mpira wenyewe, ni nani anavaa jezi gani. Unaanza katika klabu ya mtaa au parokia yenu, na ukiwa moto unaitwa timu ya kaunti yako. Ukihamia kwingine kuishi unaweza kuhama, sawa, lakini kununuliwa hakuna. Kerry hawawezi kuja na gunia la pesa kumchukua mfungaji wa Galway. Mshahara pia hakuna. GAA, chama kinachosimamia mchezo huo tangu 1884, hakilipi wachezaji. Wanarudishiwa nauli na gharama, wanacheza mbele ya watu wanaoweza kufika 82,300 katika uwanja wa Croke Park jijini Dublin, halafu Jumatatu wanarudi kazini kama mimi na wewe. (Sawa, kama wewe.)

Msimu huo wa 2024 ulikuwa wa Armagh. Hao jamaa walikuwa wamechukua kombe mara moja tu, 2002. Kwa misimu mitatu mfululizo walikuwa wanatolewa au kupoteza fainali kwa mikwaju ya penalti: Galway wakawafanyia hivyo 2022, Derry na Monaghan 2023, kisha Donegal katika fainali ya mkoa wa Ulster Mei 2024. Mara nne! Kocha wao, Kieran McGeeney, ndiye aliyekuwa nahodha siku ile ya 2002, na alikuwa katika msimu wake wa kumi bila kombe hilo kubwa. Hapa kwetu kocha wa namna hiyo angefutwa kabla ya sherehe za Jamhuri za mwaka wa kwanza. Wao wakamwacha. Wakaitoa Kerry nusu-fainali katika muda wa ziada, na Julai 28 wakaifunga Galway 1-11 kwa 0-13. Yaani 14 kwa 13. Pointi moja.

Na kuna hili pia: Armagh iko Ireland Kaskazini, chini ya Uingereza. Galway iko Jamhuri ya Ireland. Mpaka upo kwenye ramani lakini ratiba ya mashindano haiujui. Kaunti 31 kati ya 32 zinagombea kombe moja.

Sasa sikiza hii. Kando ya hizo 31, London na New York nazo hucheza, kwa sababu huko kumejaa Waayalandi na watoto na wajukuu wao. New York ilikuwa ikicheza mashindano ya mkoa wa Connacht tangu 1999 bila kushinda hata mechi moja, mpaka Aprili 2023 ilipoitoa Leitrim kwa penalti, nyumbani kwao mtaa wa Bronx. Timu iliyobeba jina la mji wa wahamiaji ikaipiga kaunti ya asili. Hakuna aliyeiambia New York iende kwanza ikatafute kwao-kwao.

Ndipo nikajiuliza: sisi je?

Kenya tuna kaunti 47 tangu 2013. Tuna magavana, bendera, ngao, na nyimbo ambazo hakuna anayezijua. Jedwali la Nne la Katiba linasema wazi kwamba michezo na viwanja ni kazi ya kaunti. Na mashindano ya vijana wa kaunti yapo, yanaitwa KYISA: timu za kaunti hukusanyika mji mmoja, hucheza kwa siku chache, na kurudi nyumbani. Niambie basi, ni nani aliichezea Nairobi mara ya mwisho? Timu ilichaguliwa wapi, siku gani, na nani? Kama hujui, usijilaumu. Nimeuliza wachezaji wa mtaani, watu wanaokimbia kila asubuhi, nao wanasikia habari zake wakati timu imesharudi.

Si kwamba hatujui kucheza kwa jina la mahali. Enzi za ukoloni kulikuwa na Remington Cup, majimbo yakipimana nguvu, na humo walipatikana wachezaji wa kucheza na Uganda katika Gossage Cup iliyoanza 1926. Baada ya uhuru mapenzi yakaenda kwa vilabu vya jamii: Abaluhya FC ya 1964, Gor Mahia ya 1968. Mwaka 1980 au karibu na hapo serikali ikasema majina ya kikabila yatoke. Abaluhya ikawa AFC Leopards, na Gor wakajitetea kwamba jina lao ni kifupi cha Gulf Olympic Rangers. Bado huwa nacheka. Jina likabadilika, watu wa jukwaani ni walewale.

Mimi sina neno na Ingwe wala K'Ogalo. Ni urithi, na wimbo wao ukianza hata ngozi inasisimka. Shida ni kwamba mtoto wa Kibera anapewa njia moja tu ya kupenda timu, na njia hiyo inapita kwa babu yake. Baba Mluhya, jezi hii. Baba Mjaluo, ile. Na siku siasa ikichafuka, jezi hizo zinageuka kuwa orodha. Tuliona 2008 hapa Kibera. Tuliona Oktoba 2017 Kawangware, pale 56, baada ya uchaguzi wa marudio, majirani wa plot moja wakitafutana kwa majina. Siwezi kukudanganya kwamba timu ya kaunti ingezuia panga. Mpira hauna nguvu hiyo. Lakini ni tofauti kubwa kama kitu pekee mnachoshirikiana na jirani ni choo na mita ya stima.

Mathare walionyesha kwamba inawezekana. MYSA ilianza 1987 kwa watoto wa mtaa na mpira, ikazaa Mathare United, na 2008, mwaka uleule nchi ilipokuwa inaungua, Mathare United ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya. Klabu ya mtaa, yenye jina la mtaa. Kibera nasi tumekuwa na Black Stars, iliyopanda hadi ligi ya Supa. Kwa hivyo usiniambie vijana wa mitaa hii hawana klabu. Klabu zipo. Kinachokosekana ni ngazi ya kutoka klabu hadi jezi ya kaunti, ile ambayo kijana wa Armagh anaiona tangu akiwa na miaka sita.

Wacha sasa nikulete Kambi Muru, maana hapa ndipo swali la kaunti linapouma zaidi.

Kambi Muru ni mojawapo ya vijiji vya Kibera, na si ajabu jina linaanza na neno kambi. Wanubi walioanzisha maisha hapa walikuwa wanajeshi kutoka Sudan waliopigania Waingereza katika King's African Rifles, na Kibra kwa lugha yao ni msitu. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitenga ekari 4,197 hapa kuwa eneo la jeshi. Mwaka 2017 Wanubi wakakabidhiwa hatimiliki ya ekari 288. Piga hesabu mwenyewe hizo nyingine zilienda wapi.

Mtoto wa Kinubi ukimuuliza kwao-kwao ni wapi, atakuonyesha mlango wa nyanya yake. Hana kijiji kingine Kenya hii. Na bado ndiye akifika miaka 18 aende kuchukua kitambulisho anapigwa msasa mbele ya kamati, aulizwe babu yake alizaliwa wapi na alete karatasi ambazo babu hakuwahi kupewa. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto ilisema kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi katika jambo hili hili la uraia. Februari 2025 Rais Ruto, akiwa Wajir, alitia saini amri ya kuondoa msasa kwa watu wa kaunti za mipakani. Vizuri. Lakini Kibera haiko mpakani, na vijana wa hapa wangependa kusikia habari zao zikitajwa kwa jina.

Hilo linahusu nini na mpira? Linahusu kila kitu. Mashindano yoyote ya vijana yenye kikomo cha umri yanaanza na mezani: leta kitambulisho au cheti cha kuzaliwa. Huna, unakaa kando ushike maji. Nimewaona vijana wa hapa wakichezea vikombe vya wanasiasa msimu mzima, kwa sababu mheshimiwa hajali karatasi, anajali picha. Siku yanapokuja mashindano yenye maskauti, majina yao hayamo. Halafu mwanasiasa anatoa mipira miwili na jezi zenye uso wake, na msimu umeisha. Kijana anachezea uso wa mtu badala ya mahali pake.

Na usidhani watu hawana hamu. Agosti 2025 wakati wa CHAN, mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani, Harambee Stars iliwapiga DR Congo na Morocco bao moja moja, na kuanzia Kambi Muru hadi Kawangware hakukuwa na kibanda chenye runinga kilichokuwa na nafasi ya kusimama. Madagascar walipotutoa kwa penalti robo-fainali, mtaa ulinyamaza kama stima imepotea. Wale hawakuwa mastaa wa Ulaya. Ni watu unaoweza kukutana nao kwenye mathree.

Sasa angalia Jamhuri, kando ya Ngong Road. Uwanja wa Talanta unajengwa pale kwa ajili ya AFCON ya 2027, viti 60,000. Ukisimama Kibera uko upande mmoja, Kawangware uko upande mwingine, na kwa miguu unafika. AFCON itakuja na kuondoka ndani ya mwezi mmoja. Baada ya hapo nani atacheza humo? Mimi nina jibu: fainali ya kaunti. Nairobi na Kakamega, kiingilio mia moja, kila mchezaji amepitia klabu ya mtaa wake. Isiwe na mshahara wa mamilioni wala wachezaji wa kukodishwa kutoka kaunti jirani usiku wa kuamkia mechi, maana tunajuana.

Nairobi ina wadi 85 na maeneo bunge 17. Wadi ichague timu kwa mechi zinazojulikana siku na uwanja, eneo bunge lichague kutoka wadi, kaunti ichague kutoka hapo. Ratiba itoke Januari ibandikwe hata kwa chifu. Majina ya waliochaguliwa yawekwe wazi pamoja na klabu zao. Ofisi ya vitambulisho ije uwanjani wiki ya usajili, iketi meza moja na waandalizi, na anayekosa karatasi asaidiwe hapo hapo badala ya kufukuzwa. Na wasichana wawe na mashindano yao siku hiyo hiyo, si mechi ya kufungua kabla ya watu hawajafika.

Pesa? Bajeti ya kaunti hupitishwa kabla ya Juni 30, na kabla ya hapo sheria inataka vikao vya umma. Vile vikao ambavyo huwa na wazee kumi, soda na karatasi ya kutia sahihi. Kikao cha wadi yenu kikitangazwa, nenda. Ukifika, uliza MCA wako mbele ya watu: msimu uliopita timu ya Nairobi ilichaguliwa uwanja gani, na kutoka Kibra walichukuliwa wangapi? Akikuuliza wewe ni nani na kwenu ni wapi, mwambie Kambi Muru. Akirudia swali, rudia jibu.