Unasaka Kaunsela Garissa? Cheki Kama Anajua Kidonda Chako

Nairobi watu husema "enda uone kaunsela" vile wanasema enda ununue kredo. Sawa. Sasa wewe uko Garissa, na hata ukimpata huyo kaunsela, ataelewa stori yako?

Tuanze na Aprili 2, 2015. Al-Shabaab waliingia chuo kikuu alfajiri, na siku ikiisha watu 148 walikuwa wameuawa, 142 kati yao wanafunzi. Red Cross walileta washauri, hadi Nyayo Stadium ambako wazazi walikuwa wanangoja habari za watoto wao. Hiyo kazi ilikuwa muhimu. Lakini kikao kimoja cha kumwambia mtu asimulie yote si matibabu, na WHO wanashauri watu wasifanyiwe hivyo punde tu baada ya mkasa. Kiwewe kikikwama, yaani ndoto mbaya haziishi na mlango ukigongwa unaruka, kuna njia mbili wanazopendekeza. Moja ni CBT, unafunzwa kushika fikra zinazokuvuta chini. Nyingine ni EMDR, unakumbuka tukio huku macho yakifuata mkono wa mtaalamu. Zote zinadai msee aliyezisomea. Roho safi pekee haitoshi.

Sasa chukua mzee wa Bulla Kartasi, mwenye alikuwa kijana Novemba 1980. Vikosi vya serikali vilichoma nyumba, watu wakafungiwa uwanja wa shule bila chakula. Huyo ukimwambia aende ofisi ya serikali yenye askari mlangoni akafungue moyo, maze, unamtuma kwa mwenye alimuumiza. Huyo anahitaji mtu wa kumjengea imani kwanza, pengine akiwa kwake, pengine na wazee wenzake waliopitia hayo hayo.

Na kule Dadaab kuna neno la Kisomali, buufis. Ni ile hamu ya kuhamia ng'ambo inayokukula mpaka unaugua, hasa fomu yako ikikwama miaka. Kaunsela mwenye amekuja na karatasi ya maswali anaweza andika "dipresheni" na akose kitu chenyewe kabisa.

Halafu kuna lugha. Ukiongea kupitia mkalimani, na mji ni mdogo, huyo mkalimani anaweza kuwa cuzo ya jirani. Nani atasema ukweli hapo? Ndio maana wengine hupendelea simu. Laini ya Red Cross, 1199, ni ya bure. Ukipiga, uliza kama kuna mtu wa Kisomali.

Wengi wataanza kwa sheikh, na mimi sioni shida hapo. Kaunsela anayejua kazi hatakuambia uache dua au kisomo. Lakini mtu akikufunga minyororo ama akuchape eti anatoa jini, hiyo si tiba, toka mbio.

Watu wa county nao wasituambie hakuna wataalamu basi mambo yameisha. WHO wana mpango unaitwa PM+, vikao vitano tu, na unaweza kufanywa na wahudumu wa afya wa mtaani wakifunzwa na kusimamiwa vizuri. Ulijaribiwa hapa hapa Nairobi kwa wanawake waliopitia dhuluma, na ukawasaidia. Wahudumu wa jamii North Eastern wako, na wanaongea lugha ya nyumbani. Mafunzo ndio bado tunadai.

Wewe mwenye unatafuta leo, muulize kaunsela kabla hujalipa doo: umesajiliwa? Sheria ya 2014 inataka awe amesajiliwa. Unatumia njia gani, na kwa nini hiyo kwangu? Vikao vingapi? Tutajuaje inafanya kazi? Akikasirika na maswali, jibu umepata. Na vikao vitatu vinne vikipita bila kusonga popote, mwambie usoni, abadilishe njia ama akuelekeze kwa mwingine. Huyo hajatukanwa, hiyo ni sehemu ya kazi yake.

Kama umefika mahali unawaza kujitoa uhai, usiogope kusema juu ya polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Piga 1199 usiku huu, usingoje asubuhi.