Njaa Si Uvivu

Wako wanaodhani kuwa mtoto asiyeshika somo ni mvivu. Sisi hatukubaliani nao. Nyanda za Juu Kusini hulisha taifa kwa mahindi, maharage na viazi. Walakini uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mkoani Iringa zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Udumavu huanza kabla ya shule, na miaka hiyo mwalimu hawezi kuirudisha. Bali njaa ya leo aweza kuipunguza. Basi, ndugu mwanachuo, ufundishapo hapa Ilomba, kabla ya kushika fimbo uliza mtoto amekula nini. Kisha waombe wazazi wachange mahindi na maharage, shule ipike makande. Fimbo haishibishi.