Mstari Mmoja wa Programu na Mama wa Nyanya

Nilipotea kwa sababu ya kazi, na kazi hiyo hiyo ndiyo imenirudisha. Leo hakuna simu mpya wala akili mnemba. Tuongee kuhusu risiti.

Mwaka wa 2024 nilikuwa nikitengeneza programu ya manunuzi ya mkahawa mmoja hapa Nairobi. Mhasibu wao akaniambia, "Kijana, hakikisha hakuna malipo yanapita bila namba ya ankara ya eTIMS." Nikaandika. Ulikuwa mstari mmoja tu: kama namba haipo, kataa. Nikaujaribu, ukafanya kazi, nikalipwa. Wiki mbili baadaye nikamkuta mama aliyekuwa akiwaletea nyanya na sukuma wiki amesimama mlango wa nyuma na kreti zake mbili. "Mwanangu, kwani nyanya zangu zimeoza?" akaniuliza. Hakujua ni mimi niliyeandika kitu kile. Nami sikumwambia.

Kwa wale ambao hawakufuatilia: Sheria ya Fedha ya 2023 ilisema kwamba kuanzia Januari 1, 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS haitakubaliwa wakati wa kukokotoa ushuru, isipokuwa gharama chache kama mishahara. Ukisoma haraka utadhani ni jambo la wahasibu tu. Hebu tupige hesabu. Kampuni hulipa ushuru wa asilimia 30 ya faida, na faida ni mauzo ukitoa gharama. Mkahawa ukinunua mboga za shilingi 10,000 bila ankara hiyo, zile 10,000 hazitolewi. Zinabaki kwenye vitabu kana kwamba ni faida, na ushuru wake ni 3,000. Kwa hiyo mboga za mama zimegharimu 13,000. Muuzaji mkubwa anayetoza 12,000 na kuleta ankara safi sasa ni nafuu kuliko yeye, hata kama nyanya zake zimelala kwenye ghala siku nne.

Hakuna askari aliyemfuata mama huyu sokoni wala aliyempiga faini. Sheria ilimbana mnunuzi wake, na mnunuzi akamwacha.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Ushuru wa mauzo, ambao sheria hiyo hiyo ilipandisha kutoka asilimia 1 hadi 3, unawahusu wenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Aliye chini ya milioni 1 hadaiwi hata senti ya ushuru huo. Lakini mwaka wa 2024, akitaka kuuzia kampuni, alitakiwa kuwa na ankara sawa na ile ya kampuni yenye ghorofa Upper Hill.

Najua mtaniambia eTIMS ni ya bure. Ni kweli, na mimi si adui wake. Enzi za mashine za ETR mwenye duka alilazimika kununua kifaa. Siku hizi mtu anaweza kubonyeza *222# hata kwenye mulika mwizi akatoa ankara. Kwa upande wetu watengenezaji programu kuna njia mbili za kuunganisha mfumo na KRA: OSCU kwa anayekuwa kwenye intaneti wakati wote, na VSCU kwa mwenye ankara nyingi au mtandao wa kusuasua. Kazi imefikiriwa. Lakini kila njia inaanza na mtu mwenye PIN anayejua bei, idadi na PIN ya mnunuzi, na mwenye dakika za kuandika. Mama wa nyanya yuko Marikiti saa kumi alfajiri, na akifika mkahawani mkono mmoja umeshika kreti na mwingine unatafuta nauli ya matatu.

Serikali yenyewe iliona kasoro hii. Desemba 2024 sheria ikarekebishwa: ukinunua kwa mfanyabiashara mdogo au mkulima ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka, mnunuzi ndiye anayetoa ankara. Hapo ndipo mzigo ulipostahili kuwa tangu mwanzo, maana mnunuzi ndiye mwenye kompyuta, mhasibu na umeme. Shida ni kwamba mwaka mzima ulikuwa umepita, na ule mstari wangu bado ulikuwa unakataa. Sheria ilibadilika, programu haikubadilika. Kati ya programu nne za manunuzi nilizozifungua tangu wakati huo, moja tu ilikuwa na mahali pa mnunuzi kumwandikia muuzaji ankara. Nyingine tatu zilijua neno moja, kataa. Na KRA ilishatangaza kwamba kuanzia Januari 2026 inalinganisha gharama unazodai na kumbukumbu za eTIMS, kwa hiyo wahasibu ndio wanazidi kukaza.

Wenzangu mnaoandika programu za maduka, mikahawa na shule, wekeni kitufe hicho. Msingoje mteja aombe. Mteja hataomba, kwa sababu kumwacha muuzaji mdogo hakumgharimu kitu. Yangu ilinichukua siku tatu, na siku moja nzima iliishia kwenye ujumbe wa kumwomba muuzaji ridhaa yake, niuandike ueleweke bila kumtisha. Meneja wa mkahawa alikataa kuilipia. Nikaiweka hivyo hivyo.

Yule mama sasa anauza rejareja karibu na kituo cha matatu. Nilipita nikanunua nyanya za mia moja, nikamweleza kwamba mkahawa unaweza kumwandikia ankara wenyewe, yeye alete PIN tu. Akanifungia nyanya kwenye gazeti. "PIN ninayo," akasema. "Lakini wale walishazoea mtu mwingine."