KOMPYUTA HAISEMI, HUSEMESHWA



Siku hizi katika mashamba na viwanda kuna usemi mmoja umeshika mahali pa sheria. Mchumaji wa chai akiuliza kwa nini kilo zake zimepungua, karani wa mizani humjibu, "Kompyuta ndiyo imesema." Mtu wa kiwandani akiuliza saa zake za ziada zimekwenda wapi, ofisini humjibu, "Kompyuta imekataa." Basi, maneno yamekwisha, na mwenzetu anarudi kambini kichwa chini. Zamani tuligombana na nyapara, na nyapara ana uso, ana jina, ana mkubwa wake. Na kompyuta je, tutagombana nayo vipi?

Sisi wa chama tunasema hivi: kompyuta haisemi, husemeshwa. Hurudia maneno iliyofundishwa na mtu, na mtu huyo alilipwa na mtu mwingine. Kwa hiyo mfanyakazi akiambiwa kwamba kompyuta imesema, aulize maneno hayo yameandikwa na nani, na yako wapi ayasome. Kwa ajili hiyo leo tunataka kuzungumza juu ya Linux, maana ni kazi ya kompyuta ambayo maneno yake yako wazi kwa kila mtu, na sisi tumeitumia katika ofisi yetu ya tawi.

Programu ni nini?

Wengi wetu tuliishia darasa la saba, na neno programu hututisha. Lisitutishe. Programu ni orodha ya amri zinazofuatana, kama zile anazopewa karani mpya wa mizani. Pima gunia. Toa uzito wa gunia tupu. Kinachobaki zidisha kwa bei ya kilo. Andika jina na jumla. Kompyuta hufuata amri hizo bila kuchoka, bila huruma na bila chuki. Ukiiamuru itoe kilo 1 kwa ajili ya gunia, itatoa 1. Ukiiamuru itoe 2, itatoa 2 mpaka siku itakapokufa, wala haitauliza kama kuna gunia duniani lenye uzito huo.

Yaliyotokea katika shamba moja la chai hapa Uganda ni mfano mzuri. Mizani ya kuning'inia iliondolewa, ikaletwa mizani ya umeme iliyofungwa na kompyuta. Wachumaji walifurahi, wakadhani wizi wa karani umekwisha. Baada ya miezi michache kina mama wakaanza kunung'unika kwamba mgongo unabeba kilo nyingi kuliko zile zinazoandikwa. Wakubwa wakacheka. Wakasema mashine haijui kuiba.

Kijana mmoja wa ofisi yetu akakusanya karatasi za mizani za wachumaji, akaziingiza moja moja katika kompyuta yetu ya chama. Alipomaliza akatuita tuone. Katika karatasi zote hapakuwa na nusu kilo wala robo. Kila uzito ulikuwa kamili: 18, 23, 27. Ndugu, chai haijui kukua kwa kilo kamili! Programu iliamriwa kukata kila kinachozidi kilo. Aliyeleta kilo 27 na gramu 800 aliandikiwa 27.

Tupige hesabu pamoja. Ukikatwa hivyo, kwa wastani unapoteza nusu kilo katika kila pimo. Ukipima mara 3 kwa siku, hiyo ni kilo 1 na nusu. Kwa siku 26 za kazi ni kilo 39 kwa mwezi. Shamba likiwa na wachumaji 100, ni kilo 3,900, karibu tani 4 za majani mabichi yaliyochumwa, yakabebwa, yakaingia kiwandani, na hayakulipwa. Wala hapakuwa na karani aliyeiba hata kilo moja.

Tulipokwenda mezani, meneja alituapia kwamba naye hakujua. Tulimwamini, na hapo ndipo tulipoogopa zaidi. Maana yake ni kwamba mlipaji mwenyewe hajui analipaje. Programu ilinunuliwa ikiwa imefungwa kama mkebe, na haki ya kuufungua ilibaki kwa muuzaji. Ilibidi muuzaji aitwe atoke mjini aje kubadilisha amri moja. Imebadilishwa. Malipo ya miezi ya nyuma bado tunayadai.

Waliokataa mkebe uliofungwa

Watu wamekwisha kukasirikia mkebe huo kabla yetu. Karibu mwaka 1980, katika chuo cha MIT huko Marekani, alikuwako mtaalamu jina lake Richard Stallman. Katika maabara yao mashine ya kuchapa karatasi ilikuwa ikikwama mara kwa mara, naye aliandika amri za kuwajulisha watu ikwamapo. Ikaletwa mashine mpya ya Xerox, nayo ikakwama vilevile, lakini safari hii amri zake zilikuwa zimefichwa. Akamfuata mtaalamu wa chuo kingine aliyekuwa nazo, akamwomba. Yule akakataa, kwa sababu alikuwa ametia sahihi ahadi ya kutompa mtu.

Stallman aliona kwamba leo ni karatasi, kesho itakuwa kila kitu. Mwaka 1983 alitangaza kazi ya kutengeneza programu huria, akaiita GNU. Mwaka 1989 ikatoka leseni yake, na masharti yake mfanyakazi yeyote atayaelewa. Itumie programu utakavyo. Isome. Ibadilishe. Mpe mwenzako. Lakini ukimpa mwenzako, umpe pamoja na maandishi yake, na kwa masharti hayo hayo uliyopewa wewe. Huwezi kuchota kisimani halafu ukajenga ukuta kukizunguka.

Kisha mwaka 1991 mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki, huko Ufini, jina lake Linus Torvalds, aliandika kiini cha mfumo wa kompyuta, yaani zile amri za chini kabisa zinazoiamsha mashine na kugawa kazi ndani yake. Tarehe 25 Agosti mwaka huo aliwatangazia wenzake, akisema ni kazi ya kujifurahisha tu, haitakuwa kitu kikubwa. Mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni ile ya Stallman. Ndiyo Linux. Ilianza na mistari kama 10,000, na leo imepita milioni 30, iliyoandikwa na maelfu ya watu wa nchi nyingi. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zinazohesabiwa kuwa na nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa kwa Linux. Hata simu ya Android iliyo mfukoni mwako, ndugu msomaji, kiini chake ni Linux, ingawa kampuni zimejenga juu yake mengi yaliyofungwa.

Aina moja ya Linux ilitoka Oktoba 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini. Inaitwa Ubuntu. Jina hilo halihitaji mkalimani kwetu. Waganda husema obuntu, Waswahili tunasema utu, na Wanyarwanda wakipewa kitu bila malipo husema ku buntu. Mwaka huo huo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandika barua na kupiga hesabu inayosema Kiswahili. Hawakulazimika kupiga goti kwa kampuni yoyote kuomba ruhusa, kwa sababu ruhusa ilikuwa imeandikwa tangu mwanzo.

Tuliyoyaona ofisini

Tusije tukasifu kwa kusikia. Ofisi yetu ina kompyuta 3, zote zilikwisha kutumika kwingine kabla hazijatufikia. Zilikuwa na Windows, nazo zilichukua muda wa kuchemsha chai kabla ya kuamka. Flashi kila moja iliyochomekwa ilileta virusi. Bando tulilonunua kwa michango ya wanachama liliishia katika kujisasisha kwa mashine, na mara umeme unakatika katikati ya kazi.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikamaliza matengenezo ya kawaida ya bure kwa Windows 10. Windows 11 nayo haizipokei rasmi kompyuta nyingi za zamani. Kwa hiyo mashine nzima, yenye nguvu ya kuandika barua na kutunza daftari la wanachama, iliambiwa imezeeka. Wafanyakazi wenzetu wanaijua habari hiyo. Ni sawa na mtu wa miaka 45 anayeambiwa aondoke getini na mikono yake bado inabeba gunia.

Tuliweka Linux katika mashine zote 3. Mbili zimepata uhai mpya. Barua na hesabu tunafanya kwa LibreOffice, daftari la wanachama liko humo, na virusi vya flashi havitusumbui kama zamani. Ya tatu ina ubishi na mashine yetu ya kuchapa, tena fundi wa mjini huona jina Linux akakuna kichwa. Na programu ya mahesabu anayoitaka mkaguzi wetu imetengenezwa kwa Windows tu, ikabidi tuombe kompyuta ya jirani. Mwenye kuwaambia kwamba Linux haina taabu anawadanganya. Lakini taabu yake unaweza kuisoma, ukauliza, ukajibiwa na mtu usiyemjua wa nchi ya mbali. Kijana wetu alijifunza hivyo, jioni baada ya kazi, na ndiye aliyeona kilo 39.

Bure ni jasho la nani?

Kama watu wa chama hatuwezi kulinyamazia jambo moja. Kitu kikitolewa bure, lazima tuulize nani ametoa jasho. Kiini cha Linux leo huandikwa kwa sehemu kubwa na watu wanaolipwa mshahara na makampuni makubwa. Hilo ni jema. Lakini kukizunguka kiini ziko programu ndogo ndogo zinazotegemewa na dunia nzima, na pengine kila moja inatunzwa na mtu mmoja, usiku, bila senti.

Moja inaitwa xz, ya kubana mafaili ili yachukue nafasi ndogo. Mtunzaji wake alikuwa mmoja, amechoka, na hakulipwa kwa kazi hiyo. Akatokea mtu aliyejiita Jia Tan, akajifanya msaidizi mwema kwa zaidi ya miaka 2, akaaminiwa, kisha akatia mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Mnamo Machi 2024 fundi mmoja, Andres Freund, aliona kuingia katika mashine yake kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Akafuata ule ukawiaji mpaka akaukuta mlango, na tarehe 29 Machi akapiga yowe. Mwendesha mashine yeyote wa kiwandani anamwelewa mtu huyo, maana mtu aliyezoea mashine yake husikia mlio ukibadilika.

Tunajifunza mambo mawili hapo. Kwanza, aliweza kufuata kwa sababu maandishi yalikuwa wazi. Katika mkebe uliofungwa angeambiwa asubiri muuzaji. Pili, makampuni yenye fedha nyingi yalikuwa yakitumia kazi ya mtu aliyechoka bila kumwuliza hali. Huo ni unyonyaji, hata kama aliyenyonywa alianza kwa hiari yake. Programu huria nzuri inahitaji watu wanaolipwa na wanaopumzika.

Tufanye nini?

Wajumbe wanapokwenda kuzungumza mkataba wa hali bora, wadai kifungu kimoja kipya: kanuni yoyote inayotumiwa na kompyuta kupima kazi, kuhesabu saa au kukata mshahara iandikwe kwa lugha inayosomeka, ibandikwe ukutani, na isibadilishwe bila chama kujulishwa. Hatudai siri ya biashara ya mtu. Tunadai kujua uzito wa gunia na kama gramu zinahesabiwa.

Kila tawi lichague vijana 2, msichana na mvulana, wafundishwe kompyuta kwa mashine zilizoko, hata za zamani. Linux haiwagharimu leseni. Waanze na jedwali la kuhesabu kilo na saa, mengine yatakuja.

Na kila mfanyakazi atunze karatasi zake za mizani na za mshahara. Bila karatasi za kina mama wale, kijana wetu asingekuwa na la kuhesabu. Walizifunga katika mifuko ya sukari, wakazificha juu ya paa la kambi zisilowane, kwa sababu mgongo uliwaambia kwamba kompyuta inakosea. Karani akikuambia tena kwamba kompyuta imesema, mwambie akuonyeshe ilivyoamriwa kusema. Akishindwa, mlete mjumbe wako.