Bumu Lako Lisiishie kwa Prodyuza

Kila bumu likiingia, kuna mwanachuo anachukua hela ya msosi anampelekea prodyuza amalizie wimbo. Mimi nasema wazi: kama umerekodi geto, jifunze kumasta mwenyewe kwanza.

Najua mtasema hiyo ni kazi ya wataalamu. Ni kweli. Miaka ya 1990 msanii wa Dar alilazimika kwenda kwa kina Master J na P-Funk, maana mitambo ilikuwa ghali. Leo laptopu yako inatosha kuanzia. Kinachobaki ni masikio, na masikio hayauzwi.

Kumasta ni hatua ya mwisho baada ya miksi: unasawazisha besi na sauti za juu, unabana kidogo, unapandisha sauti ili wimbo usikike vizuri popote. Hakuokoi rekodi mbovu. Sauti ikishapasuka kwenye maiki, imepasuka.

Ugonjwa wetu ni kelele. Kila mtu anataka ngoma yake ipige kuliko ya jirani. Lakini Spotify, kwa mpangilio wake wa kawaida, hushusha nyimbo zenye kelele hadi karibu LUFS -14. Ukiubana wako hadi -6, utashushwa desibeli 8. Kelele inaondoka, unabaki na ngoma isiyo na pumzi. Usiubane hivyo, na kilele kisivuke -1.

Kitu kingine, geto linadanganya. Kuta tupu zinarudisha mwangwi, besi inajaa kwenye kona. Ndiyo maana napeleka nyimbo zangu Kariakoo kwenye flashi. Maduka ya sabufa yanapiga muziki kutwa kuvuta wateja. Omba kistaarabu, "Kaka, niwekee na hii," baada ya wimbo mwingine unaoujua vizuri. Kisha sikiliza kwenye spika ya simu. Besi ikimeza maneno dukani, au ikipotea kabisa kwenye simu, rudi kwenye miksi.

Sisemi wataalamu wafe njaa. Sikio la pili lina faida, hasa ukitoa albamu. Ila ukishahangaika mwenyewe, siku ukilipa utajua unalipia nini, na hakuna atakayekuuzia kelele kwa hela ya kula.