Sifuri 25 katika Daftari la Vuli

Wasomaji wa siku nyingi wa ukurasa huu wanakijua kipima mvua chetu, kilichosimama nyuma ya nyumba kati ya kamba ya nguo na banda la kuku, hapa Dar es Salaam. Wageni tuwaeleze kwa ufupi. Ni mkebe wa plastiki wenye mistari ya milimita, umefungwa juu ya nguzo mahali palipo wazi. Kanuni inataka kiwe mbali na mti kiasi cha mara mbili ya urefu wa mti huo. Ua wetu hauna nafasi hiyo, na mwembe wa jirani hatuwezi kuuhamisha, kwa hiyo tumefanya tulivyoweza. Kila siku saa 3 asubuhi mmoja wetu hutoka na daftari, husoma, huandika, kisha humwaga maji kama yapo. Saa hiyo hatukuichagua wenyewe. Ndiyo saa inayotumika katika vituo vya hali ya hewa nchini, nasi tuliifuata ili namba zetu ziweze kukaa pamoja na za wengine bila kugombana.

Mwaka huu, tangu vuli ilipotarajiwa kuanza, hatujapata cha kumwaga ila mara moja.

Mara hiyo moja ndiyo iliyotuponza. Usiku wa kuamkia Oktoba 7 ilinyesha mvua nzito ya saa nzima, na asubuhi mkebe ulikuwa na milimita 14. Tulifurahi kama watoto. Vumbi lililala, majani ya mwembe yalioshwa yakang'aa, na jioni yake kumbikumbi walitoka ardhini kwa maelfu wakaizunguka taa ya barazani mpaka tukaizima. Siku hiyohiyo shangazi yetu, ambaye shamba lake liko wilayani Bagamoyo, alipiga simu. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za wagonjwa na wazima, aliuliza alichopigia.

"Nyie mnaopima, mwanangu, vuli imeingia? Huku imedondoka kidogo. Nipande?"

Tulimjibu kwamba imeingia. Hatukusema "pengine". Hatukumwambia asubiri. Tulisema milimita 14 kwa sauti ya mtu mwenye elimu, naye akapanda mahindi na kunde, pishi tatu za mbegu kati ya nne alizokuwa ameziweka tangu mavuno ya masika.

Kuanzia Oktoba 8 mpaka asubuhi tunapoandika haya, Novemba 1, daftari letu lina sifuri 25 zilizopangana kutoka juu ya ukurasa hadi chini. Katika hizo, moja ina nukta pembeni. Nukta ni alama yetu ya manyunyu yaliyolowesha kifuniko cha pipa yasifikie mstari wa kwanza wa mkebe. Mahindi ya shangazi yaliota yakafika kimo cha kidole, yakasimama siku chache, kisha yakajikunja. Kunde zilivumilia zaidi. Lakini nazo, kwa maneno yake mwenyewe, "zimebaki jina".

Tulikuwa na daftari la miaka sita mkononi na hatukulisoma. Wataalamu wa kilimo hawasemi msimu umeanza kwa sababu ya mvua moja. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba zipatikane walau milimita 20 ndani ya siku moja hadi tatu, na zisifuatiwe na ukavu mrefu, wa siku saba au kumi, katika mwezi unaofuata. Milimita 14 hazikufika hata nusu ya kwanza ya sharti hilo. Na zaidi ya hapo, hazikunyesha shambani kwake. Mvua ya pwani, hasa hii ya mwanzo wa vuli, huweza kuloanisha upande mmoja wa barabara ikauacha upande wa pili na vumbi lake. Tulichokuwa nacho ni habari za ua wetu, na tukazitoa kana kwamba ni habari za mkoa mzima. Hata kumbikumbi walidanganyika siku ile, lakini wao hawakumshauri mtu.

Oktoba kuwa na siku chache kavu si ajabu. Vuli ya kwetu hujivuta. Kusi hulegea, upepo hutangatanga kwa wiki kadhaa usijue ushike upande gani, na ukanda wa mvua unaolifuata jua kuelekea kusini hupita juu yetu kabla Kaskazi haijashika barabara. Ndiyo maana kalenda huihesabu vuli kuwa ya Oktoba hadi Desemba, wala haitaji tarehe. Lakini katika daftari letu hakuna Oktoba nyingine yenye mstari mrefu kama huu usiokatika, na upepo bado unavuma kutoka kusini asubuhi, mkavu na wa baridi kidogo, kama wa Agosti.

Sababu za mambo haya kwa sehemu kubwa ziko baharini. Maji ya Bahari ya Hindi ya upande wetu yakiwa ya baridi kuliko kawaida, na ya upande wa Indonesia yakawa ya moto kuliko kawaida, mawingu hujengeka huko mbali na vuli yetu hupungua. Yakigeuka, tunapata kinyume chake. Mwaka 2019 bahari ya upande wetu ilipata joto na tulioga mvua mpaka tukachoka. Mwaka 2022 mambo yalikuwa kinyume, na kila mama wa nyumba wa jiji hili anaukumbuka Oktoba ule kwa ndoo, kwa madumu na kwa ratiba ya mgao. Mto Ruvu, unaotupatia sehemu kubwa ya maji ya bomba, huanzia milima ya Uluguru. Mvua isiponyesha kule, hapa mfereji hukohoa. Kwa hiyo hata mkebe wetu ukijaa, mfereji hautujui.

Ndani ya nyumba tumeanza kubana bila kungoja tangazo. Maji ya kuoshea mchele huenda kwenye mchicha. Kwa udhu tumerudi kwenye kipimo ambacho watu wazima tuliwahi kufundishwa madrasa na kukisahau siku mfereji ulipoletwa mlangoni. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na kuoga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Kibaba hicho ni chini ya lita moja. Tulikijaza kikombe, tukajaribu mmoja baada ya mwingine. Watoto waliweza mara ya kwanza. Sisi wakubwa tulishindwa mara mbili, miguu ikabaki mikavu, na tukachekwa ipasavyo.

Ijumaa iliyopita imamu wa msikiti wetu alitangaza swala ya kuomba mvua, na Jumapili asubuhi tulikwenda uwanjani pamoja na watoto. Rakaa mbili, hotuba, istighfari nyingi, kisha imamu akaelekea kibla akaigeuza shuka yake, upande wa kulia ukaja kushoto, nasi tukageuza za kwetu. Wakati wa kutoka, mzee mmoja tunayemheshimu alituvuta pembeni akauliza kama ni adabu kupima mvua, ilhali elimu ya mvua ni ya Mwenyezi Mungu. Tulimjibu kwamba sisi hatupimi itakayokuja. Tunapima iliyokwishaanguka, kama mtu anavyohesabu alichopewa. Aliridhika, au alituhurumia, hatujui.

Swali gumu zaidi lilitoka nyumbani. Jumatatu, siku iliyofuata swala, zamu ya kusoma ilikuwa ya binti yetu wa miaka tisa. Alitoka na kalamu, akarudi bila kuandika. Mkebe ulikuwa mkavu. Aliuliza kama siku ile tunaweza kuacha nafasi wazi tu, kwa sababu kuandika sifuri siku ya pili baada ya dua kulimwia kama kushitaki.

Tulikaa naye barazani. Tulimwonyesha kurasa za mwaka juzi, wiki tuliyosafiri kwenda msibani, nafasi saba tupu. Tukamuuliza: wiki ile ilinyesha? Hakujua. Sisi pia hatukujua, na hakuna atakayejua. Nafasi tupu haisemi kwamba hakukunyesha. Inasema hakukuwa na mtu. Rekodi nyingi za mvua za zamani katika nchi hizi ziliandikwa na watu wa kawaida, walimu wa shule, wamisheni, makarani wa mashamba ya mkonge, na anayezisoma leo akitafuta kujua ukame hutegemea sifuri zao kuliko namba zao kubwa. Mvua kubwa hata asiyeandika huikumbuka. Siku kavu hazikumbukwi, zinafanana.

Kuhusu dua tulimwambia tu kwamba tumeomba, na kwamba hatukuambiwa itajibiwa saa 3 asubuhi. Akaandika sifuri. Aliiandika ndogo kuliko nyingine, lakini inasomeka.

Shangazi alipiga tena juzi. Hakutulaumu, na hilo lilikuwa zito zaidi kuliko lawama. Amebakiwa na pishi moja, na anataka kujua kama aizike sasa au aisubirishe. Tumemweleza mambo mawili tunayoyajua: utabiri uliotolewa kwa kanda ya pwani unasema mvua za chini ya wastani, na sifuri zetu 25 ni za ua wetu. La tatu, hali ya udongo wa shamba lake, anaijua yeye.

Kisha tukamtengenezea kipima mvua. Tulichukua chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyonyooka ubavuni, tukaikata shingo, tukaweka mawe kidogo chini ili upepo usiiangushe, tukatia maji hadi usawa ambapo ubavu unanyooka, na hapo tukachora mstari wa sifuri na kubandika rula ya mtoto. Shingo iliyokatwa tuliirudisha juu chini iwe mpare wa kukusanya mvua na kupunguza kukauka. Tulimsisitizia kwamba maji yakipungua kwa jua ayaongeze mpaka mstarini. Tuliituma kwa basi la asubuhi, na kondakta akataka nauli ya abiria.

Yeye haandiki kwa kalamu siku hizi, macho yamemchoka. Ametuambia kwamba kila asubuhi anachora alama kwa mkaa ukutani jikoni: duara kwa siku kavu, mstari kwa kila milimita. Jana lilikuwepo duara moja. Leo saa 3 na dakika kumi simu imelia, na kabla hata ya salamu amesema yamekuwa mawili, na mbegu bado zipo ndani ya chungu.